Shahidi wa Mvua ya Mawe

Kina mama wenzangu, kama una mtoto mchanga ndani, usome haya ukiwa umempakata, maana yanamhusu yeye kuliko wewe. Yametokea hapa kwetu Tulieni. Ukiona panafanana na kwenu, usishtuke. Nchi nazo hufanana, kama watu wa tumbo moja. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mahali nitakapoisifu serikali kupita kiasi, hesabuni kuwa ni upungufu wa elimu.

Serikali ya Tulieni inawapenda wazee. Siku moja Mheshimiwa Waziri wa Wazee na Mambo Yaliyopita alikuja uwanjani kwetu, akatangaza kuwa kila mwananchi aliyefika miaka sabini atapata pensheni ya uzee kila mwezi, awe aliajiriwa au alilima. "Hakuna mzee atakayeachwa nyuma," alisema. "Wote watakuwa mbele, kwenye foleni."

Tukampigia makofi, na kweli hakudanganya. Foleni ilianza jioni ile ile, na mama yangu akawa wa mia mbili na sita.

Mama yangu anaitwa Bi Sikuzani. Hakuwa na makuu. Alitaka godoro. Lile lake tulililalia sisi watoto sita, wakaja wajukuu, likabaki jembamba kama chapati ya mwisho wa unga. Akiamka asubuhi, mbao za kitanda zimejichora mgongoni, unaweza kuzihesabu. Mimi na vitumbua vyangu tulishajaribu mara mbili kumnunulia jingine, na mara zote mbili hela ilienda hospitali.

"Nataka la inchi sita," aliniambia. "Nilale nisisikie kitanda kinawaza nini."

Basi nikamwambia asubiri kidogo, serikali inakuja nalo.

*

Kilichochelewesha ni kwamba wazee walijitokeza wengi. Vitabu vya serikali vilionyesha kuwa watu wa Tulieni hufa wakiwa na miaka hamsini na minane, na wizara ilikuwa imeandaa fomu kwa imani hiyo. Walipoona foleni imezunguka soko na kurudi, waheshimiwa walijiuliza hawa wengine wametoka wapi.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema redioni, "uzee si jambo la kukurupukia. Mvi zinapakwa. Magongo yanauzwa sokoni. Hata kukohoa mtu anaweza kufundishwa."

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Uzee. Ilizunguka nchi kumi na moja, zote zenye fukwe, kwa miezi kumi na minne, ikirudi nyumbani kubadilisha nguo tu. Mwishowe ilileta taarifa ya kurasa mia tisa ambayo ilithibitisha kwamba uzee upo, na kwamba mara nyingi husababishwa na miaka.

Ila tume iligundua na jambo la kutisha. Wazee wengi wa Tulieni walikuwa na vitambulisho vinavyosema wamezaliwa tarehe mosi Julai. Sisi tulijua sababu. Karani wa uandikishaji akikuuliza ulizaliwa lini, ukisema hujui, anakuandikia tarehe mosi Julai ili aende kula. Lakini tume ilitia shaka. Wakunga wa kupokea watoto wote hao kwa siku moja walipatikana wapi?

Kwa hiyo vitambulisho vikawekwa kando, ikatungwa kanuni. Kila mzee anayedai pensheni amlete shahidi, mtu aliye hai aliyemwona akizaliwa kwa macho yake. Na shahidi huyo awe wakati ule alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, maana serikali haipokei maneno ya watoto. Wazee wakapewa muda hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa na nusu alasiri. Baada ya hapo dirisha lifungwe, na atakayebaki nje ahesabiwe kuwa kijana.

Nilikaa kwenye kigoda changu cha vitumbua nikapiga hesabu. Mama ana sabini na tatu. Shahidi wake lazima awe na themanini na tano au zaidi, awe na akili zake, na awe alikuwapo chumbani. Nikawataja kichwani watu wa namna hiyo katika kata yetu, kila nikimtaja mmoja nakumbuka na sufuria niliyopikia kwenye matanga yake. Nikabaki na mtu mmoja tu.

*

Bibi Kalunde alikuwa mkunga kabla zahanati haijajengwa. Watoto wa kata nzima aliwapokea yeye, kwa beseni moja na kisu kimoja. Alikuwa na miaka tisini na kitu, na hicho kitu mwenyewe alikuwa hakijui. Aliishi peke yake nyuma ya mashine ya kusaga, katika nyumba inayovuja, na watu walimkwepa kwa sababu hakuwa na siri. Ukimwamkia, anakusimulia ulivyotoka.

"Marahaba," alimwambia diwani mbele ya wakwe zake. "Wewe ulitanguliza makalio. Naona bado unatanguliza."

Kanuni ilipotangazwa tu, diwani mwenyewe alipanda juu ya paa la Bibi Kalunde na misumari mdomoni. Kabla ya jioni nyumba haivuji. Kesho yake nikapanga zamu. Mtu wa kupika uji, mtu wa kuuonja kama si wa moto sana, mtu wa kumtangulia njiani akiokota maganda ya ndizi. Mpira ulipigwa marufuku mtaani. Wenye habari za msiba walikatazwa kumkaribia, na wenye kuchekesha sana pia, maana moyo wa mzee ni moyo. Akipiga chafya, mtaa mzima unasimama mpaka apige ya pili.

Bibi akazoea. Siku ya tatu alisema hajisikii vizuri na kwamba hali hiyo huwa inatulizwa na firigisi. Mnajua firigisi kwetu ni ya baba mwenye nyumba, mwanamke hata kuiomba ni aibu. Wiki ile wanaume wa kata yetu walikula mabawa, na hakuna aliyenung'unika.

"Mlikuwa wapi nilipokuwa na themanini?" alituuliza siku moja akitafuna.

"Tulikuwa hatujatungiwa kanuni, Bibi," nilimjibu.

Mimi nilikonda. Kila alfajiri naenda kusikiliza mlangoni kama anakoroma. Binti yangu Limi, ambaye tumbo lake lilikuwa la miezi minane, akaniambia, "Mama, mimi hujaniuliza hata kama mtoto anacheza."

"Wewe una zahanati," nikamwambia. "Bibi Kalunde ana nini?"

*

Alhamisi, siku moja kabla ya dirisha kufungwa, tulimpeleka ofisini kwa mkokoteni uliotandikwa mito, watu wanane wakiushika ili usiruke mashimo. Wazee wote walikuwa wamejipanga na fomu zao.

Dirishani alikaa Bwana Erasto Kimwaga, Afisa Mthibitishaji wa Uzee, Daraja la Kwanza. Nimesema alikaa, lakini hakukaa. Mtu yule alikuwa hakai kamwe, alisimama wima kama anapigwa picha, nywele nyeusi kuliko kiwi ya viatu. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Tulijua kwa sababu kila mwaka ofisi ilimkatia keki, na kila mwaka keki iliandikwa hamsini na nne. Tulieni mtumishi anastaafu akiwa na sitini, na Bwana Kimwaga alikuwa mtumishi makini asiyependa kufika mahali kabla ya wakati.

Adabu pia alikuwa nayo. Mwezi mzima, kila akituona, alimwanza mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," mama anaitika.

Siku hiyo pia alimwamkia hivyo hivyo, kisha akamgeukia Bibi. "Bibi, huyu Bi Sikuzani alizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa mvua ya mawe," alisema Bibi Kalunde. "Mchana. Kuku kumi na wawili walikufa uani, na baba yake akaingia chini ya kitanda nilichokuwa namzalishia mama yake."

Bwana Kimwaga alifungua Daftari la Matukio Yanayotambuliwa na Serikali. Waliosema walizaliwa mwaka wa nzige walishakataliwa, kwa kuwa nzige wale hawakula mali yoyote ya serikali. Njaa kubwa nayo haikuwamo. Alipitisha kidole juu ya mistari, kikasimama.

"Mvua ya mawe ipo," alisema. "Miaka sabini na mitatu iliyopita, mwezi wa pili. Ilivunja kioo cha mbele cha gari la Bwana Gavana. Inatambulika."

Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Yeye akafungua ukurasa wa pili.

"Na shahidi wa shahidi yuko wapi?"

"Shahidi wa nani?" niliuliza.

"Wa Bibi. Lazima tujue kuwa siku hiyo alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili. Nani alimwona yeye akizaliwa?"

Aliyemwona Bibi Kalunde akizaliwa, kama yupo, atakuwa na miaka zaidi ya mia na anaishi ahera.

"Afisa," nilisema, "muangalie tu. Huyu anaonekana ni mtoto?"

"Mama, serikali haiangalii. Serikali inathibitisha." Akasoma kwa sauti ya misa. "Kifungu cha kumi na tisa. Asiye na shahidi alete kielelezo, cha mali au cha mwili, kinachoonyesha kuwa mwaka husika alikuwa akifanya kazi ya mtu mzima."

"Kielelezo ninacho," alisema Bibi Kalunde.

"Kiko wapi?"

"Si hicho kimeshika muhuri."

Bwana Kimwaga aliangalia mkono wake wa kushoto, na sisi tukauangalia. Ubavuni mwa kidole cha mwisho palikuwa na kinundu kama punje ya mtama.

"Wewe ni Erasto wa Anastazia," alisema Bibi. "Ulizaliwa na vidole sita. Cha sita nilikifunga mimi kwa uzi wa kushonea magunia, kikaanguka siku ya nane. Ulitoka mawe yakianza kudondoka. Nikakimbia na beseni kichwani mpaka kwa kina Sikuzani, naye akatoka mawe yakiisha. Kisu kimoja kiliwakata nyote wawili."

Mkono wa kushoto wa Bwana Kimwaga uliingia mfukoni na muhuri wake.

"Bibi umechanganya watu," alisema taratibu. "Mimi nina hamsini na nne."

"Labda vidole," alisema Bibi.

Bwana Kimwaga alitangaza kuwa ofisi inafungwa kwa ajili ya chai. Ilikuwa saa tatu na robo.

*

Alituita sisi watatu ndani, mimi, mama na Bibi, akatupa viti vya kuzunguka na soda. Yeye alisimama.

"Mama Limi," aliniambia, "wewe ni mtu mwelewa. Hii mvua ya mawe ilikuwa kubwa, ilinyesha kwa watu wengi. Bibi akiikumbuka upande wa mama yako peke yake, mimi nitatafuta kielelezo kingine. Hata lile beseni linaweza kufaa. Na mama leo hii anaondoka na muhuri."

Kina mama, nisiwafiche. Nililiona godoro la inchi sita mbele ya macho yangu, lina maua mekundu na nailoni yake. Nikamkanyaga Bibi mguu chini ya meza.

"Bibi," nikamnong'oneza, "sahau kidogo tu."

"Usinikanyage, una haraka kama ulivyozaliwa," alisema kwa sauti. Kisha akamwambia Bwana Kimwaga, "Baba, niliwapokea wawili mchana mmoja. Siwezi kumtoa mmoja nikamrudisha mwingine tumboni kwa mama yake. Amekwisha kufa, Anastazia. Nitakurudisha wapi?"

Basi, mambo yakaharibika. Bwana Kimwaga alisema kwa masikitiko kuwa mikono yake imefungwa, mmoja ukiwa bado mfukoni, na kwamba Bibi hatambuliki, na kesho saa tisa na nusu dirisha linafungwa. Nikaanza kulia. Si kwa sauti, ile ya kufuta pua na ncha ya kanga. Mama hakulia. Alikuwa akimtazama yule afisa tangu soda ya kwanza, akiwaza.

Tulirudi nje, dirisha likafunguliwa. Foleni yote ilikuwa inasubiri kusikia. Hapo ndipo mama alipopiga hatua moja mbele, akashika ukingo wa dirisha, akainama kidogo.

"Shikamoo kaka," alimwambia.

Bwana Kimwaga aliangalia nyuma yake, kama yupo mwingine anayeamkiwa.

"Nisamehe," mama aliendelea. "Mwezi mzima napokea shikamoo za mtu aliyenitangulia. Mawe yalianza kwenu. Mimi nilikuta yanaisha. Nimeona aibu sana pale ndani. Shikamoo."

Nadhani mnajua ilivyo. Serikali unaweza kuiacha hewani, barua unaweza kuiacha, hata mkopo. Shikamoo haiachwi. Mtu aliyelelewa na Anastazia, na wanaomjua Anastazia wamejipanga pale mia mbili na zaidi wanamtazama, ataiachaje? Nilimwona anahangaika. Midomo ilitaka kusema "mama", ikashindwa, maana ukimwita mama mtu anayekuamkia, unamtukana. Jasho lilimtoka, na piko ya nywele ikaanza kushuka polepole kwenye kola ya shati.

"Marahaba," alisema mwishowe.

Halafu akavuta kiti na kukaa. Kiti kililia, na magoti yake yakalia pamoja nacho, yote mawili, tukayasikia mpaka nje.

"Huchoki?" mama alimuuliza.

"Dada, nimekuwa na hamsini na nne kwa miaka kumi na tisa," alisema. "Kusimama tu kunaniua."

*

Sasa msifikiri kwamba alifanya mambo kiholela. Aliutoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza, akaandika kwa mwandiko wa kisheria: Kielelezo A, kidole, kimoja, kisichokuwapo. Akaupima uvimbe kwa rula. Akathibitisha kwamba kwa kuwa Bibi Kalunde alifunga kidole cha afisa mwaka uliovunja kioo cha Gavana, basi mwaka huo alikuwa mtu mzima mwenye kazi, na kwa hiyo anatambulika kuwa hai, mzee na shahidi. Fomu ya kwanza kugongwa ilikuwa ya Bibi mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya mama. Nilisikia ule mlio wa muhuri, nikajua mama atalala.

Aligonga siku nzima na kesho yake. Bibi Kalunde aliketi kwenye mkokoteni pembeni yake, akisimulia ya kila mmoja, nani alitoka na kitovu shingoni, nani alimkojolea mkunga. Foleni ilicheka mpaka nikaanza kuhofia moyo wake, nikawaomba watu wawe wanazaliwa kwa utulivu. Saa tisa na dakika ishirini na tano, Ijumaa, fomu ya mwisho ikagongwa.

Bwana Kimwaga akatoa fomu moja mpya kwenye droo, akaijaza yeye mwenyewe. Umri, sabini na tatu. Shahidi, Bibi Kalunde, aliyeketi hapo. Akainua muhuri, kisha akautua.

"Kifungu cha nne," alisema. "Afisa hatajigongea."

Akafunga kalamu, akavaa koti, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akaja kusimama kwenye foleni upande wetu. Alikuwa wa kwanza. Mbele yake palikuwa na dirisha wazi, kiti kitupu na muhuri. Alisubiri kwa heshima. Baada ya muda akagonga kioo.

"Hakuna mhudumu hapa?" aliuliza.

Hakuwapo. Wizara ilitangaza nafasi hiyo wiki ile ile, na mwombaji anatakiwa awe na uzoefu wa miaka kumi na alete shahidi wa kuzaliwa kwake. Hadi leo haijapata mtu. Mheshimiwa Waziri alisema redioni kuwa madai yote yameshughulikiwa isipokuwa moja, na kwamba hilo moja ni la mtu anayejua taratibu, kwa hiyo hana wasiwasi naye. Bwana Kimwaga bado anakuja kila asubuhi. Tumempelekea kigoda. Mvi zake zimetoka zote na zimempendeza. Mama humpitishia uji, anamwamkia, anaitikiwa, kisha anarudi nyumbani kulala mchana, kwa sababu tangu alipate lile godoro mama yangu amekuwa mvivu, na mimi nimemwacha.

*

Hilo ndilo onyo langu. Limi alijifungua mtoto wa kike wiki mbili baadaye, pale zahanati. Muuguzi alitaka kunipa karatasi ya kuzaliwa, nikaipokea kwa adabu, nikaikunja. Karatasi nazijua. Nikatoka nje, nikakusanya watoto wa mtaa, wenye miaka kumi na miwili kamili, si chini, wenye meno mazuri na ambao babu zao walikufa wazee. Nilipata saba. Muuguzi alikataa wasiingie wodini, basi nikamwinua mtoto dirishani, wakapita mmoja mmoja wakimtazama, na kila mmoja nikamuuliza umeona nini, akasema nimeona mtoto wa Limi, ana alama sikioni. Nikawapa vitumbua.

Fanyeni hivyo kina mama. Msingoje mvua ya mawe.

Ila kazi yenyewe ndiyo inaanza, maana saba hao nina miaka sabini ya kuwatunza. Wanakunywa uji kwangu asubuhi. Wakivuka barabara nipo. Mmoja, Nyanzobe, binti wa mwenye mashine ya kusaga, ndiye aliyemwona mtoto vizuri kuliko wote, na ndiye asiyesikia. Hata sasa ninavyoandika nimemwona kwenye mpera wa jirani, tawi la juu kabisa, lile bovu.

"Nyanzobe," namwambia, "shuka mwanangu, taratibu, shika hapo kwenye shina. Wewe si wa kuanguka. Wewe ni pensheni ya mjukuu wangu."